Magadi na Ngeli Yake

(Maneno niliyoyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya wanafunzi, wapishi na wazee wa mtaa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mzee mwenyekiti, mama zangu mlioacha majiko yenu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioambiwa mje mkaja.

Kabla ya maneno, kazi. Hapa nyuma yangu pana jiko la makaa, limeshakolea. Juu yake naweka karai la chuma, na ndani ya karai namimina gramu 100 za magadi niliyoyatwanga asubuhi kwenye kinu cha bibi yenu. Gramu 100 kamili. Mizani hii ni ya muuza viungo, na mwenyewe yuko pale mlangoni anaichunga. Kijana huyu wa kidato cha tatu amejitolea kukoroga. Koroga polepole, mwanangu, na uso uuweke mbali. Tutarudi kwako.

Mtauliza mbona karai na si sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi yakikutana na maji na moto hula alumini. Mama yeyote aliyechemsha kunde kwa magadi anajua sufuria inavyogeuka nyeusi kwa ndani. Leo sikutaka ugomvi na mwenye vyombo.

Sasa nianze darasani. Magadi yako ngeli gani? Naam, YA. Hayana umoja, sijamsikia mtu akiomba gadi moja. Kiswahili kimeyaweka nyumba moja na maji, maziwa, mafuta na mate, vitu vinavyomiminika, ilhali magadi ni jiwe unaloweza kumpiga nalo mwizi. Mimi nilifundisha kemia miaka mingi, si lugha, lakini jambo hili lilinichekesha siku nilipolitambua, kwa sababu lugha ilikuwa imebahatisha vizuri kuliko ilivyojua. Jiwe hili lina maji ndani yake. Sisemi unyevu wa kunyeshewa. Hata ukilianika juani wiki nzima maji hayo yatabaki pale pale.

Tuendelee na ngeli kidogo. Kifaru huanza na ki, kama kiti na kikombe. Lakini tunasema kifaru amelala, hatusemi kimelala. Jina lina sura ya KI-VI, upatanisho wake ni wa A-WA, na mtahini anapima upatanisho. Shikeni hilo, maana madini nayo yana vifaru wake.

Walioyapangia madini ngeli ni wengi. Mmarekani James Dwight Dana alitoa mpango wake mwaka 1837. Mjerumani Hugo Strunz alitoa wake mwaka 1941, akafuata kemia ya jiwe pamoja na mpangilio wa atomu ndani ya fuwele, na mpango huo, baada ya kurekebishwa mara kadhaa, ndio nitakaoutumia leo. Kwa Strunz, kabonati zote, yaani madini yenye kaboni moja iliyoshikwa na oksijeni tatu, ni darasa la 5. Ndani ya darasa hilo unauliza maswali mawili. Je, mbali na kabonati, kuna ioni hasi nyingine, yaani chembe nyingine yenye chaji hasi, iliyokaribishwa? Na je, kuna maji?

Tazameni ukuta huu. Ni matumbawe na chokaa, kama Fort Jesus pale chini iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Hii ni kabonati ya kalsiamu: haina ioni ngeni, haina maji. Inaingia fungu la 5.A. Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, lina ioni ngeni lakini halina maji: 5.B. Magadi hayana ioni ngeni ila yana maji: 5.C. Yenye vyote viwili yako 5.D, na yale ya urani yametengewa 5.E, wakae peke yao huko.

Magadi ya ziwani, madini yake makuu yanaitwa trona. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, ni ndugu wa neno natruni. Fomula yake ni Na3(HCO3)(CO3)·2H2O, na anwani yake kamili kwa Strunz ni 5.CB.15. Tano ni kabonati. C nimeshaisema. B ni kwamba metali iliyomo ni ya atomu kubwa, kama sodiamu au kalsiamu. Na 15 ni kiti chake katika safu: kiti cha 5 kina termonatriti, cha 10 kina natroni, cha 15 kina trona.

Hao watatu ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wote ni wa sodiamu, na kinachowatofautisha sana ni kiasi cha maji. Natroni ina molekuli 10 za maji kwa kila fomula moja. Ukiipima, asilimia 63 ya uzito wake ni maji. Ni laini, ukucha unaichimba bila shida. Iweke kwenye hewa kavu, itapoteza maji tisa kati ya kumi na kubomoka iwe unga mweupe, na unga huo ndio termonatriti. Wamisri wa kale waliitumia natroni kukausha maiti za wafalme wao, na herufi Na mnayoandika mkitaka kusema sodiamu imetoka kwenye jina lake. Jirani zetu Tanzania wana ziwa zima lenye jina hilo, Ziwa Natron, ingawa trona nayo imejaa humo.

Na sasa kifaru wa kwanza. Ile soda ya kuoka ya pakiti, mnayotia kwenye bajia, nayo ina madini yake ya asili yaitwayo nahkoliti. Dukani inakaa karibu na magadi, jikoni mnaibadilisha na magadi, na huko Tanzania wengine huiita magadi soda kabisa. Kwa Strunz haiko hata chumba kimoja na trona. Haina tone la maji ya fuwele, kwa hiyo imepelekwa 5.A, nyumba moja na matumbawe.

Kifaru wa pili ni mkubwa zaidi. Mwaka 1967 mwanasayansi Hans Eugster alieleza madini mapya yaliyopatikana katika matabaka ya Ziwa Magadi, kwenye Bonde la Ufa hapa Kenya, yakaitwa magadiiti. Jina tupu la magadi! Lakini magadiiti ni silikati ya sodiamu yenye maji, yaani msingi wake ni silikoni na oksijeni, kabonati haimo. Mwenzake aliyetangazwa pamoja naye anaitwa kenyaiti, naye ni silikati vilevile. Ukifuata jina utaweka magadiiti pamoja na trona, na utakuwa umesema kifaru kimelala.

Hayo maji yamekaaje ndani ya jiwe? Inueni macho. Dari hii imeshikwa na boriti za mikoko. Boriti ni miti, ukuta ni mawe, lakini hakuna fundi atakayesema boriti ni uchafu ulioingia nyumbani kwa bahati mbaya. Ukizing'oa, dari inashuka. Ndani ya trona molekuli za maji zina kazi ya namna hiyo: zimeshikana na atomu za sodiamu upande mmoja, na upande mwingine zinavutana na kabonati. Pia kuna kabonati mbili zinazogawana hidrojeni moja, kama nyumba mbili za mtaa huu zinavyogawana ukuta na wenyewe wasijue ni wa nani. Umbo zima la fuwele ni lile liitwalo monokliniki. Chukua kasha la kiberiti, lisukume juu kidogo lilale upande mmoja: pembe mbili zinabaki mraba, moja imeinama. Ndilo hilo.

Vijana wanaofanya sayansi wameshaona mrututu ukichomwa. Ni wa buluu, maji yakitoka unakuwa mweupe, ukiurudishia maji buluu inarudi. Trona haina rangi ya kutuonyesha mchezo huo, ndiyo maana nimeleta mizani.

Sifa nyingine nitazipita haraka. Ugumu wa trona ni 2.5 hadi 3 kwa kipimo cha Mohs, yaani ukucha unashindana nayo. Uzito wake ni kama mara 2.1 ya maji. Ina mng'ao wa kioo ikiwa safi, na hupasuka vizuri kwa upande mmoja. Rangi ni nyeupe, kijivu au njano hafifu. Waridi mnaloliona kwenye picha za Ziwa Magadi ni la viumbe vidogo sana vinavyoishi katika maji yale makali. Inayeyuka majini, na ladha yake ni ya sabuni.

Kwa nini nimezipita haraka? Kwa sababu ukienda Marikiti hazitakusaidia sana. Pale utakuta vitu vitatu vyeupe vimewekwa karibu karibu: chumvi ya mawe, shabu na magadi. Chumvi ina ugumu wa 2.5 hivi, na uzito wake karibu sawa na wa trona. Shabu nayo haiko mbali kwa ugumu. Wote weupe, wote wanang'aa, wote wanayeyuka.

Mimi mwenyewe nimeingia mtego huo, na cheti cha kemia ninacho ukutani. Siku moja mke wangu alinituma magadi ya kupikia mbaazi. Muuzaji alinifungia kipande kwenye karatasi, nikakitia mfukoni bila kukitazama. Mbaazi zilichemka kuanzia alfajiri hadi mahamri yakapoa, na bado zilikuwa ngumu kama changarawe. Nilipewa shabu. Na shabu ina alumini, inayokaza ngozi ya nafaka. Baadhi ya watu huitia kwenye achari makusudi ili maembe yasilainike. Nilikuwa nimezikaza mbaazi kwa mikono yangu, tui likiwa limeshakamuliwa linangoja.

Dawa yake ni ndimu. Nina vipande vitatu hapa. Hiki cha kwanza, tone moja… kimya. Chumvi. Cha pili… kimya pia. Shabu, na shabu nayo ina maji ya fuwele, molekuli 12, lakini ni salfeti, si kabonati, kwa hiyo haina hewa ya kutoa. Cha tatu… mmesikia? Hayo mapovu ni hewa ya ukaa inatoroka. Asidi ya ndimu imeivunja kabonati. Ukilidondoshea jiwe la matumbawe utaona mapovu pia, ila machache na ya polepole, na matumbawe hayayeyuki ukiyatia kwenye maji. Tone la ndimu linakuonyesha darasa la 5. Glasi ya maji inatenga magadi na ukuta wa nyumba.

Mzee wangu pale mbele ananiuliza kwa macho: sisi tuna bahari nzima, mbona baharini hatupati magadi, tunapata chumvi tu? Swali zuri, na jibu lake nalipenda kuliko yote ya leo. Maji yakikauka, kalsiamu ndiyo ya kwanza kuishika kabonati. Wanashuka pamoja chini kama chokaa. Basi fikirieni karamu ya arusi: wageni ni kalsiamu, sinia za pilau ni kabonati. Baharini wageni ni wengi kuliko sinia. Sinia zinakwisha, kalsiamu inabaki inangoja, baadaye inashuka kama jasi, na mwisho inakuja chumvi ya kawaida, kama ile ya mashamba ya chumvi ya Gongoni. Huko Magadi mambo ni kinyume. Maji yake yamepitia miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, yakaingia katika bonde lisilo na mto wa kutokea, na chemchemi za moto zinaendelea kuyalisha. Sinia ni nyingi kuliko wageni. Kalsiamu ikishakula na kuondoka, kabonati imebaki tele, na sodiamu ndiyo inayoichukua. Huyo huyo Eugster na mwenzake Lawrence Hardie waliliandika jambo hili mwaka 1970, na mfano wa maziwa yetu ya Bonde la Ufa ulikuwa mkononi mwao. Tofauti ndogo mwanzoni, ya nani alikuwa mwingi, ndiyo inayoamua mwisho utapata chumvi au magadi.

Kuna ndugu mwingine wa fungu la C ambaye sitaweza kuwaletea kamwe. Anaitwa ikaiti, kabonati ya kalsiamu yenye molekuli sita za maji. Alitambuliwa mwaka 1963 katika ghuba ya Ikka huko Greenland. Huishi majini penye baridi karibu na barafu. Joto likipanda kidogo tu anabomoka, maji yanatoka, linabaki tope la chokaa. Kwa kemia ni matumbawe haya haya yaliyokunywa maji. Kwa Mombasa angefia uwanja wa ndege.

Kijana, unaendeleaje? Jasho hilo ni la sayansi. Endelea.

Wengi wenu mmezoea kuona mzigo wa magadi kwa upande wa bandari ya Kilindini tu. Kampuni ya kwanza ya kuchimba ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani ili mzigo uweze kuteremka pwani. Lakini kinachoteremka kwa wingi ni soda kavu, iliyokwisha kuchomwa kule kule. Fanyeni hesabu pamoja nami. Tani 1000 za trona safi zikichomwa sawasawa, zinabaki tani 703 za kabonati tupu ya sodiamu. Tani 297 zimeruka hewani: karibu 199 za maji, na 97 na ushei za hewa ya ukaa. Viwanda vya vioo na sabuni vinataka zile 703. Usipochoma kwanza, unayasafirisha maji kwa treni zaidi ya kilomita 500, unayalipia nauli, kisha unayapakia melini kuwapelekea watu ambao maji wanayo.

Kisha mzigo unafika hapa, na hapa ni Mombasa. Hewa yetu mnaijua. Chumvi mezani hailali kavu. Soda iliyochomwa ina kiu. Ikiachwa wazi inavuta unyevu, inavuta na hewa ya ukaa, inaanza kurudi kule ilikotoka, na gunia linakuwa jiwe. Moto wa Magadi umetoa boriti, upepo wa Kilindini unajaribu kuzirudisha.

Nimeombwa na mama zangu niseme kuhusu chakula, nami nitasema wazi. Magadi hulainisha mbaazi na maharagwe kwa sababu yanalegeza gundi inayoshika ukuta wa chembechembe za nafaka, na sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu iliyokuwa imeukaza. Kuni zinapungua, hilo ni faida. Hasara ni mbili. Vitamini B1 haivumilii ukali huo, inaharibika. Na ya pili inahusu ngeli tena: trona kwa fomula yake haina floridi hata kidogo, lakini jiwe la sokoni si trona tupu. Ziwa lina floridi nyingi, na floridi hiyo huja imejificha ndani ya kipande unachonunua. Mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika akiipata kila siku, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa na mswaki wowote. Mimi nyumbani tumeacha. Tunaloweka mbaazi usiku kucha, tunamwaga yale maji, tunapika. Anayeona hawezi kuyaacha, basi atie chembe mbili, asitie kipande.

Mama mmoja anauliza, je, yale yaliyochomwa na kijana huyu yanafaa kupikia? Hapana mama, na usiyaguse kwa mkono wenye maji. Yamekuwa makali zaidi, maana kilichokuwa kikiyapoza kimetoka.

Haya, tuepue. Tuyaache yapoe kidogo kwenye sahani ya udongo… Mwenye mizani, njoo usome mwenyewe, wasiseme nimewadanganya. Ngapi? 72. Hesabu ilisema 70 na kidogo. Ama kuna chumvi na mchanga uliokuwemo, ama kijana alichoka kukoroga pale nilipokuwa nasimulia arusi. Sitamlaumu. Gramu 28 zimo hewani, tumezivuta sote.

Sahani hii naiacha pale dirishani, upande wa bahari, bila kifuniko. Mzee mwenyekiti, nakuomba asiiguse mtu. Jumamosi ijayo baada ya alasiri tutaipima tena.